Majani ya Mnyonyo Chini ya Godoro

Kichwa cha mwenzako hakikosi dawa. Tangu watu wa kazini kwetu wajue kwamba nina kipandauso, nimeshaambiwa niweke barafu shingoni, nitumbukize miguu kwenye maji ya moto, ninywe kahawa chungu yenye ndimu, nitafune tangawizi, niache kahawa kabisa, nilale, nitembee. Mmoja aliniletea kichupa cha mafuta yanayonukia maua, akanielekeza nipake kwenye mapanja na kuvuta pumzi mara saba. Nilipaka. Nilinukia vizuri na kichwa kiliendelea kuuma. Mimi si mbishi, ila mimi naumwa upande mmoja tu wa kichwa, na ule mwingine bado unajua kupima maneno ya watu.

Mwezi uliopita mama mwenye nyumba wangu, mtu asiyependa maneno mengi, alinikuta nimejifunika kanga usoni saa tano ya asubuhi. Alitoka, akarudi na jani la mnyonyo alilokuwa amelipitisha juu ya makaa, akanibandika kwenye paji la uso likiwa bado na joto. Harufu ile, mbichi na chungu kidogo, iliponiingia puani nikajikuta kijijini kwetu Issuna, nina miaka saba, nimekaa gizani pembeni ya mama yangu, na nina furaha. Furaha hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia, ingawa si ya kujivunia.

Ninyi mliokua nami mtaukumbuka wakati ule mambo yalipoanza kufunguliwa. Foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika ilikwisha yenyewe, na ghafla kila kitu kikawa ruksa. Mitumba ilimwagwa juu ya maturubai siku ya mnada, na sisi watoto tukavaa sweta zenye picha za wanyama tusiowajua. Kando ya barabara kuu mfanyabiashara mmoja alileta mashine ya kukamua alizeti, ikawa inanguruma kutwa nzima. Mama yangu, ambaye kabla ya hapo alilima na kurudi nyumbani kama mama za wengine, akawa mfanyabiashara. Yeye na jirani yetu, Mama Zaituni, walinunua alizeti kwa wakulima, wakaikamua, wakayajaza mafuta kwenye chupa na kuzipanga mezani barabarani, abiria wa mabasi wazinunue kupitia dirishani. Mama alikuwa mtu wa kwaya, Mama Zaituni mtu wa swala tano, na walikuwa na meza moja, faneli moja na utani usiokwisha.

Baba alikuwa upande wa Mitundu akitafuta asali, tukimwona kwa nadra. Kaka yangu Eliya alikuwa Kilimatinde kwa mjomba, akisoma. Nyumbani tulibaki mimi na bibi, mama yake baba. Bibi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na alinipenda sana, lakini mimi nilimtaka mama. Mama aliondoka kabla jua halijapata joto na kurudi ananuka mafuta na vumbi, akiniuliza kama nimekula huku macho yake yameshafumba. Biashara huria ilimpa kila mtu kitu kidogo pale kijijini. Mimi ilinichukulia mama.

Isipokuwa siku za kichwa.

Siku ya kichwa ilianza na maji. Mama alisimama ghafla katikati ya ua, fagio mkononi, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaona maji yanameta. Alionyesha pembeni ya jicho lake, mahali ambapo mimi niliona ukuta tu, au kuku. Nilijua kwamba mama alizaliwa Singida mjini, karibu na ziwa, nikaamini kabisa kuwa ziwa la kwao limekuja kumtembelea. Nilisogea, nikaegemeza kichwa changu ubavuni mwake, nikatazama kule anakotazama, nikisubiri na mimi nilione. Leo nayajua maji yale. Nayaona mwenyewe kabla ya maumivu, yanatetemeka na yana meno ya msumeno, na hakuna ziwa lolote. Wakati ule nilimwonea wivu.

Maji yakipita, maumivu yalifuata, na hapo bibi aliishika nyumba. Alitundika blanketi mlangoni. Aliwafukuza kuku wakatafute kelele kwingine. Moto ulihamishiwa nje na hakuna aliyethubutu kukaanga kitunguu. Bibi hakuwa mganga. Alijua tu yale ambayo wazee wote wa kike wa kwetu waliyajua: maji ya tangawizi ya kutuliza kichefuchefu, mvuke wa majani ya mkaratusi chini ya shuka, ukanda wa kanga uliokazwa kichwani mpaka ngozi ikakunjamana. Na mnyonyo. Mnyonyo uliota nyuma ya nyumba ya Mama Zaituni, na kila siku ya kichwa Mama Zaituni mwenyewe alikuja na majani yake mapana yamelazwa juu ya ungo, akamchungulia mwenzake, akamtania kidogo kwa kunong'ona, kisha akarudi barabarani kuuza kwa niaba ya wote wawili.

Kazi yangu ilikuwa kubadilisha majani. Bibi alinifundisha kwamba jani la mnyonyo likikaa kichwani linakunywa. Likinyauka, limeshiba. Unalitoa, unaweka jingine, na lile lililoshiba unalipeleka ng'ambo ya njia ya ng'ombe, mahali pasipopita mtu, unalitupa bila kugeuka nyuma.

"Usije ukaliacha ndani ya nyumba," aliniambia. "Maumivu hayasahau mwenyewe. Yakiwa karibu, yanarudi."

Chumba cha mama kilikuwa na dirisha dogo la ubao. Likifungwa, matundu ya misumari kwenye bati yaliachia nuru chembe chembe, na chembe hizo zilitembea ukutani polepole, zikashuka kitandani, zikapita juu ya mkono wa mama. Nilizifuata kwa kidole. Nje, upepo wetu ule wa Singida usio na likizo ulikwaruza mchanga ukutani, na mashine ya alizeti ilisikika mbali, nikaona ni mashine ya kijiji kingine. Mama alilala chali, jani limetokeza ncha zake chini ya ukanda wa kanga. Mshipa wa panja ulikuwa ukipiga. Nilikuwa naweka kidole juu yake taratibu, nahisi unavyogonga, nikidhani kuna mtu mdogo ndani anayeomba afunguliwe. Mara nyingine mama aliushika mguu wangu, ule tu uliokuwa karibu, akabaki ameushika. Hakuniuliza kama nimekula. Hakuwa na pa kwenda. Tulikaa hivyo mchana mzima, nikasinzia, nikaamka, naye yupo. Nimeshalala katika nyumba nzuri tangu hapo, na sijawahi kukaa mahali nilipopapenda kama pale.

Kisha kichwa kilipona. Mama aliamka na macho mepesi, akaoga, akajifunga kitenge chake cha kazi, akaenda barabarani. Blanketi lilitolewa mlangoni na kuku wakarudi. Mimi nilikaa kizingitini nikimtazama akiondoka, nikafikiri jambo moja kwa muda mrefu. Kama maumivu yamo ndani ya jani, na kama yakikaa karibu yanarudi, basi mimi ndiye niliyekuwa nikimtupa mama ng'ambo ya njia ya ng'ombe kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku ya kichwa iliyofuata nilitoka na jani lililonyauka mkononi, bibi akiniona. Nilizunguka nyumba, nikachuma ua la alizeti nikalichezea kidogo ili muda upite, nikarudi. Mama alikuwa amegeukia ukutani. Nililiingiza jani chini ya godoro, upande wa kichwani, nikalisukuma mpaka mkono ukaishia begani.

Na kichwa kilirudi. Kilirudi haraka kuliko ilivyokuwa desturi yake, nami nikaingia chumbani nikiwa na raha ya mtu aliyepanda mbegu ikaota. Nikaweka jani la pili, na la tatu.

Haya ninayoyasema sasa sikuyajua wakati ule. Msimu huohuo kijana mmoja alifungua duka la dawa baridi karibu na mashine, la kwanza pale kwetu, akauza vidonge viwili viwili vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Kabla ya hapo kidonge ulikipata zahanati, kama kipo. Mama, ambaye meza yake ilimngoja, alivimeza asubuhi akavimeza mchana, siku yenye kichwa na siku isiyo nacho, ili tu asimame juani na chupa zake. Miaka mingi baadaye daktari alinionya, kwa ajili ya kichwa changu mwenyewe, kwamba vidonge vya maumivu vikimezwa kila siku vinaweza kuyazidisha maumivu yenyewe. Nilikaa pale mbele yake nikimwona mama na vile vikaratasi vyake vya gazeti. Lakini mtoto wa miaka saba hakuwa na daktari. Alikuwa na majani.

Basi kichwa kikaacha kupona. Kilikaa siku tatu, kikapumzika moja, kikakaa nne. Mama alikonda, mashavu yakaingia ndani, akatapika hata uji. Aliletwa mzee wa chuku na pembe yake ya ng'ombe, akamchanja mapanjani na kumuumika, damu nyeusi ikatoka, na jioni ile mama alilala vizuri. Kesho yake maji yakameta tena. Nikamsikia bibi akimwambia mgeni mmoja jikoni kwamba huyu mkwewe asipoangaliwa atawaachia watoto. Nilielewa maana yake. Ile raha yangu ilikatika palepale, ikaja hofu ambayo sijapata tena kuwa na nyingine kubwa kama hiyo. Nilitaka kuyatoa yale majani, lakini mama alikuwa amelala juu yake usiku na mchana. Niliingiza mkono mara moja, yakalia kwa ukavu, mama akafumbua jicho moja, nikautoa mkono haraka.

Aliyeyatoa ni bibi. Siku moja mama alipopata nafuu akakaa nje kivulini, bibi alilitoa godoro kulianika, akiwinda kunguni. Majani yakaonekana, meusi, yamekunjamana, mengine yameshakuwa unga. Bibi hakuyagusa. Alirudi nyuma hatua mbili, akachukua fagio la nje, akayafagia mpaka uani na kuyachoma, midomo yake ikitembea bila sauti. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale. Alinitazama, akanipita kwa macho, akaendelea kufikiri. Haikumjia kabisa kwamba mkono wa mtoto wa ndani ungefanya jambo kama hilo.

Badala yake alijiuliza ni nani huingia chumba kile, na mnyonyo unatoka kwa nani, na mama akilala meza ya barabarani inabaki kwa nani. Mama Zaituni alipokuja kesho yake na ungo wake, bibi alimsimamisha kwenye kona ya ua. Alimwambia kwa utulivu kwamba nyumba hii haina haja tena ya majani yake, na arudi alikotoka kwa amani.

Kijijini hakuna siri ya uani. Wiki haikuisha, wanawake waliokuwa wakimletea Mama Zaituni alizeti wakaanza kupitiliza. Mafuta yake, walisema, yana mkono wa mtu ndani. Alihamisha chupa zake mbali, kule mabasi yasikosimama. Zaituni, binti yake mkubwa, alikuwa akinibeba mgongoni tangu nikiwa mdogo. Sasa tulipokutana kisimani aliangalia ndoo yake. Kwetu jina la namna hiyo likikupata, ukihama linakutangulia, na wako waliopatwa na makubwa kuliko kupitilizwa. Nilijua hayo kwa namna watoto wanavyojua, kwa kusikia watu wazima wanapopunguza sauti. Nilijua pia kwamba neno langu moja lingemfungua yule mama, na kwamba neno hilo lingenifunga mimi. Nikanyamaza. Sikulala vizuri, nilikula kidogo, bibi akaninywesha mwarobaini akidhani ni homa, nami nikaunywa wote bila kukunja uso, nikiona ni haki yangu.

Siku niliyokiri ilikuwa siku ya kichwa. Majani sasa niliyafuata mbali, korongoni, na nilikuwa nimetoka kumbandikia mama moja. Chembe za nuru zilikuwa ukutani. Mama aliushika mguu wangu kama siku zote, na mkono ule mwembamba ndio ulionishinda.

"Mama," nikasema, "yale majani niliyaweka mimi."

Nilifikiri amelala, nikaona nimalizie.

"Nilitaka uumwe."

Mkono ukauachia mguu wangu. Nilisikia upepo, nikasikia mashine, nikasikia moyo wangu. Kisha aliniuliza kwa nini, na nilimwambia ukweli, kwamba akipona anakwenda. Aliweka kiganja juu ya macho yake. Machozi yalitoka pembeni, yakaingia kwenye jani. Halafu akaniuliza jua liko wapi.

"Utosini," nikasema.

Akainuka, akashika ukuta, akaukaza ukanda wa kanga. Akatoa blanketi mlangoni kwa mkono wake mwenyewe, na nuru ikaingia yote kwa pamoja. Nilimwona akijikunja kama mtu aliyepigwa, kisha akanishika mkono.

Bibi alikuwa akipeta uwele. Aliuliza huyu mtu anakwenda wapi na jua lote hili, anataka kufa.

"Nakwenda kurudisha jina la mtu, mama," mama akamjibu.

Bibi alitazama mkono wangu ndani ya mkono wa mama, akatazama uso wangu, na ungo ukaacha kucheza. Nadhani alielewa palepale. Ilimchukua siku nne kukubali kwa mdomo, na siku ya tano alimshika tetea wake bora akaenda naye kwa Mama Zaituni, na kila nyumba aliyopita alisimama kusalimia na kueleza kuku anapelekwa wapi na kwa kosa gani. Hilo nitamheshimia mpaka nife.

Lakini siku ile tulikwenda wawili. Kutoka kwetu mpaka kwa Mama Zaituni si mbali, mtoto hukimbia bila kutweta. Ardhi ya kwetu wakati wa kiangazi ni nyeupe, inarudisha jua usoni, na mama alitembea amefumba macho, mimi nikiwa macho yake. Mahali pa mawe aliinama akatapika. Nikashika kanga yake isiburuzike. Alijifuta, akaniambia twende. Ndipo nilipoyaona maumivu kwa mara ya kwanza. Miezi yote ile nilikuwa nimekaa karibu nayo nikidhani ni giza, na utulivu, na mkono juu ya mguu wangu.

Mama Zaituni alikuwa ameketi kibarazani akichuja mafuta. Alituona tangu mbali, hakuinuka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kuchuja. Mama hakukaa. Aliniambia, "Sema."

Nikasema. Nilisema yote, na ile ya kutaka aumwe nayo nikaisema, nikakwama katikati nikaanza upya. Mama Zaituni aliiweka chupa chini.

"Nimelala macho nikitafuta ni nani ananichukia hapa kijijini," akasema. "Wewe hukuwamo."

Kisha akageuka kwa mama.

"Na wewe? Uliamini?"

Mama alikuwa ameshika nguzo ya baraza, macho bado yamefumba. Angeweza kusema hapana. Mimi niliomba kimoyomoyo aseme hapana.

"Kuna siku niliamini," akasema. "Kichwa kikiuma sana, niliamini. Nisamehe."

Mama Zaituni alipangusa mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, mafuta yote yakatoka.

"Afadhali umesema wewe mwenyewe," akasema. "Haya, ingia ndani kabla hujaniangukia hapa wakasema nimekumaliza kweli."

Alimshika kiunoni akamwingiza. Nilisikia dirisha likifungwa, kitanda kikilia. Mama Zaituni alitoka kwa mlango wa nyuma, akachuma, akarudi, na harufu ya jani juu ya makaa ikanifikia pale nje. Nilisogea mlangoni kama nilivyozoea. Alikuja, akanitazama bila hasira, akaurudisha mlango taratibu usigonge, akatia komeo kwa ndani.

Nilikaa barazani. Jua lilikuwa miguuni, likapanda magotini. Baada ya muda nilimsikia Mama Zaituni akinong'ona jambo, na mama akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayeogopa kutikisa kichwa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mvua. Nilitamani kuwa ndani kuliko kitu chochote duniani, na sikubisha hodi.